Bi. Marcella Makandi, Karani Aliyemwomba Mholanzi Kitambulisho

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Marcella Makandi, karani wa bodi ya ardhi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 2023. Wenzake ofisini waliiomba klabu ya uandishi ya shule yetu imwandikie wasifu huu, kwa sababu kila muhula amekuwa akija kutufundisha sheria za ardhi. Pengine pia walihofia kwamba angesahihisha chochote ambacho wangeandika wao.

Alianza kazi Gachoka mwaka 1989. Wakati huo bodi ilikuwa ikiketi nje ya ofisi ya chifu, na siku moja mbuzi alikula nusu ya ombi la kugawa shamba. Bi. Marcella aliandika katika kumbukumbu kwamba ukurasa wa pili umeliwa, akawapa wenyewe karatasi nyingine, na kikao kikaendelea. Baadaye alihamishiwa Manyatta, ambako alijifunza Kiembu cha kutosha kuwagombeza madalali. Mwaka 2008 akaja Meru.

Popote alipofanya kazi alikuwa na desturi moja. Kabla ombi halijafika mbele ya wazee wa bodi, alimwita mke wa mwenye shamba, akamkalisha karibu na meza, akamuuliza jamaa hiyo itabaki na nini. Madalali walilalamika kwamba anachelewesha kazi. Yeye aliwapa viti wasubiri.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ofisini ni cha mwaka 2014. Mzee Salesio, mkulima wa Kibirichia, alifika na Mholanzi aliyeitwa Bwana Joost, aliyetaka kulima viazi. Walikuwa wamependana kwa kweli. Mzee alikuwa amemchinjia mbuzi na kumpa jina la ukoo, Mukiri, kumfanya mwanawe, na Joost akaahidi kumtunza kama baba yake. Kwa hiyo fomu ilisema kwamba Salesio anamhamishia mwanawe, Mukiri, ekari zote sita. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Wote wawili waliamini kwamba yule mbuzi alikuwa amemaliza mambo.

Bi. Marcella alisoma fomu mara mbili, akamwomba mtoto huyo kitambulisho. Mtoto akatoa pasipoti.

Ndipo akamwita Karambu, mke wa Salesio, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nje.

“Mama, mkishampa, nyinyi mtabaki na nini?”

“Nitabaki na huyu mzee,” Karambu akajibu. “Na yeye halimiki.”

Ofisi nzima ilicheka, hata Salesio. Karambu hakucheka. Katika ekari hizo kulikuwa na nyumba yake na makaburi ya watoto wake wawili, na hadi asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza neno.

Bi. Marcella aliwaeleza bila kumwaibisha mtu. Jina la ukoo ni heshima kubwa, lakini si uraia. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya daima. Anaweza kuikodi tu, kwa muda usiozidi miaka tisini na tisa. Akiunda kampuni, haihesabiwi kuwa ya raia mpaka hisa zote ziwe za raia. Shamba la kilimo ni gumu zaidi, kwa kuwa bodi hairuhusiwi kumpa mgeni kibali, hata cha kukodi, asipopata ruhusa maalumu ya Rais. Joost aliuliza kwa huzuni kama mbuzi wa pili angesaidia.

Asingesaidia, lakini njia halali ilikuwepo. Kiwanja cha biashara mjini si shamba la kilimo, na Bwana Elmi, msafirishaji wa mizigo mjini Meru, alikuwa na kimoja asichokitumia. Bi. Marcella alimwelekeza Joost hatua kwa hatua: kukagua rekodi za kiwanja, kuomba kibali cha kaunti, kulipa ushuru wa stempu, kusajili ukodishaji. Ilichukua miezi saba. Leo pale pana ghala la viazi, na wakulima wengi wa Kibirichia huuza huko mazao ya mashamba ambayo bado ni yao. Mwenye ghala bado anaitwa Mukiri.

Jumanne iliyopita Bi. Marcella aliita majina kwa mara ya mwisho. Ombi la mwisho mezani lilikuwa la Mzee Salesio. Aliomba jina la Karambu liandikwe kwenye hati pamoja na lake. Wazee wa bodi walikubali mara moja. Karambu alitia sahihi polepole, herufi moja moja, na chumba kizima kikamngojea.

Asante, Bi. Marcella, kwa subira yako na kwa mwandiko wako unaosomeka. Nenda ukapumzike nyumbani kati ya migomba yako, na Mungu akuzidishie afya na siku nyingi za furaha.