Mama Mkanda na Ndege Iliyoanguka Kila Jumatatu

Tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, mkufunzi mkuu wa usalama wa abiria katika chuo chetu cha wahudumu wa ndege atakabidhi funguo za karakana ya zamani na kwenda nyumbani kupumzika. Atakuwa amelitumikia shirika kwa miaka thelathini na minne: tisa angani, na ishirini na mitano chini, ndani ya ndege ambayo haijawahi kuvuka mlango wa karakana.

Ana jina kamili kwenye karatasi za ajira, lakini ukiliita kwenye korido hageuki mtu, pengine hata yeye mwenyewe. Sote tunamwita Mama Mkanda. Wageni hudhani ni kwa ajili ya mkanda wa kiti, na hawakosei sana. Ila wanafunzi wake wanajua kuna mkanda mwingine, ule wa sinema, na kwamba huo ndio uliotaka kumkosesha kazi kabla haujamjengea jina.

Alijiunga nasi akiwa na miaka ishirini na sita, akitokea kwenye shule ya chekechea. Mpaka leo husema hakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili, ila abiria ni warefu zaidi. Katika safari yake ya kwanza alijifunga kiunoni mkanda wa maonyesho, ukagoma kufunguka, akagawa chai safari nzima huku unaning'inia. Abiria mmoja alimwuliza kwa adabu kama na wao walitakiwa kutembea na ya kwao.

Mwaka wake wa sita angani, asubuhi ya mvua, ndege aliyokuwemo iliteleza ikatoka nje ya njia yake na kusimama kwenye matope, injini moja ikifuka moshi. Hakufa mtu. Lakini kuwatoa abiria kulichukua muda mrefu kupita kiasi, kwa sababu watu walisimama katikati ya viti wakishusha mizigo yao. Rafiki yake, waliyekuwa pamoja tangu siku ya usaili kama chanda na pete, alikuwa chini akiwapokea watu kwenye lile puto refu la kutelezea. Bwana mmoja alishuka amekumbatia sanduku gumu. Sanduku likamtoka, likampiga yule dada mgongoni. Tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo. Alipopona alipangiwa meza katika ofisi ya mizigo iliyopotea, jambo ambalo yeye mwenyewe hulisimulia kwa kicheko kuliko mtu yeyote.

Miaka mitatu baadaye sikio la kushoto la Mama Mkanda lilikataa kabisa kupanda na kushuka, na daktari akamsimamisha kuruka. Akaletwa kwetu chuoni. Mimi nilikuwa nafundisha huduma ya kwanza, darasa la jirani, na nakumbuka alivyoingia na sura ya mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Wiki ya kwanza alikuwa akijifungia kwenye choo cha ile ndege ya mazoezi, kipande cha ndege kongwe chenye viti ishirini na vinne, kwa sababu, aliniambia baadaye, ndipo mahali pekee palipokuwa na harufu ya kazi yake.

Wanafunzi ndio waliomtoa humo. Si kwa wema wao. Kwa usingizi wao. Enzi hizo somo la usalama lilifundishwa kwa filamu ya zamani ambamo bwana mwenye tai aliinyooshea kidole milango ya dharura kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri. Dakika ya nne nusu ya darasa walikuwa wamelala, na nusu nyingine wanawaonea wivu. Kwenye mtihani wa kuandika walipata alama nzuri. Ukiwaingiza kwenye ndege ya mazoezi, ukazima taa na kupiga king'ora, walisimama kama nguzo. Walijua kila kitu isipokuwa la kufanya.

Jibu alilipata sebuleni kwake. Watoto wake walikuwa wanapenda komedi zinazozidhihaki zile filamu nzito za maafa ya ndege, komedi ambamo watu husema upuuzi mtupu bila hata kukunja uso huku kila kitu kikiharibika. Waliiangalia moja mara moja tu, na wiki nzima wakawa wanakariri kila kosa la kila mtu ndani ya ile ndege, kwa mpangilio. Jumatatu akaja kazini hajavua hata koti.

"Watoto wangu wanakumbuka ndege nzima," aliniambia. "Wanafunzi wangu hawakumbuki mlango. Tunatengeneza yetu."

Tuliipiga kwa Jumamosi tatu, kwa kamera ya jirani yake anayepiga picha za harusi. Mtunza stoo wetu, mtu mwenye mwili wa kabati na sauti ya taarifa ya habari, alikuwa rubani. Mafundi wanne waliitikisa ndege kwa nje kwa mabomba. Mimi nilikuwa abiria anayesoma gazeti kuanzia mwanzo hadi mwisho na kulalamika kwamba moshi unampotezea ukurasa. Kwa picha za nje tulining'iniza ndege ya plastiki kwa uzi wa cherehani. Uzi unaonekana waziwazi, na tulipotaka kurudia picha ile, alikataa. Alisema ndege yoyote inayoonekana uzi wake ni salama kuliko nyingi.

Sheria yake ilikuwa moja: marufuku kucheka. "Ukicheka wewe, mtazamaji hatacheka," alituambia. "Igiza kama uko msibani, na marehemu ni wa kwenu." Ndiyo maana mtunza stoo alipotangaza, kwa utulivu wa kutisha, "Mabibi na mabwana, tumeanza kushuka. Haikuwa kwenye ratiba, lakini tumeanza," tulilazimika kusimamisha kazi kwa robo saa, maana mafundi wa nje walikuwa wameangusha mabomba.

Nyota wa filamu hata hivyo hakuwa rubani. Alikuwa mama mmoja mwenye masanduku sita na cherehani, anayegoma kutoka kwenye ndege inayowaka mpaka apewe risiti ya kila kimoja. "Bila sanduku langu siondoki!" anasema, na nyuma yake foleni inazidi kurefuka hadi inaingia chooni na kutokea upande wa pili. Aliyeigiza nafasi hiyo ni yule rafiki wa fimbo. Aliiomba mwenyewe. Mama Mkanda alisita siku mbili nzima, akamwambia haiwezekani. Mwenzake akamjibu, "Mgongo ni wangu. Nikitaka kuufanyia mzaha, nakuomba wewe ruhusa ya nini?"

Filamu ina dakika kumi na tisa, na ndani yake kuna makosa arobaini na moja. Kila mwanafunzi alipewa karatasi ya kuyahesabu. Ilianza kuonyeshwa kila Jumatatu asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu chuo kifunguliwe, watu walianza kuwahi.

Kicheko kilisikika mpaka ghorofa ya utawala, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mkurugenzi wa usalama wa wakati huo, mzee makini aliyekuwa amekwenda kwenye ajali nyingi na hakuwa mtu wa utani, alimwita ofisini. Niliitwa pia, kama abiria wa gazeti. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Watu wanakufa kwenye ndege," alisema. "Mimi nimeokota viatu vyao. Na wewe unafanya mchezo. Mtu aliyewahi kuumia atakapoiona hii, utamwambia nini?"

Mkanda ukafungiwa kwenye kabati la mkurugenzi, na barua ya onyo ikaandikwa. Alirudi karakana, akakaa kiti cha mstari wa kwanza, akasema pengine mzee ana haki. Nilimwona akiamini hivyo kweli, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaenda ofisi ya mizigo iliyopotea.

Kesho yake yule dada alipanda ngazi za utawala, mguu mmoja baada ya mwingine, fimbo ikigonga kila kipandio. Mlango ulibaki wazi, kwa hiyo tuliosimama kwenye korido tulisikia.

"Shikamoo, mzee. Uliuliza aliyeumia akiiona filamu ile ataambiwa nini."

"Marahaba. Ndiyo, niliuliza."

"Mimi ndiye niliyeumia. Na yule mama wa masanduku pia ni mimi." Fimbo ikagonga sakafu mara moja. "Yule bwana wa sanduku hakuwa mtu mbaya, mzee. Hakuna aliyemfanya akumbuke kuacha mzigo. Sasa hawa watoto hawatasahau. Nimewapa mgongo wangu wautumie, na wewe umeufungia kabatini."

Mzee akamwomba akae. Alasiri hiyo aliiangalia filamu peke yake, amefunga mlango. Katibu wake anasema ilisikika sauti moja tu, kwenye dakika ya kumi na mbili, akadhani bosi amepaliwa na chai. Barua ya onyo ilichanwa. Mkanda ulirudi na sharti moja, nalo tunalifuata hadi leo: filamu ikiisha, dakika moja ya kimya, halafu taa zinazimwa na zoezi linafanyika kweli, gizani, kwa saa ya kuhesabia sekunde.

Miaka ikapita kwa namna hiyo. Ndege yetu ilianguka kila Jumatatu na darasa likatoka likiwa hai. Amewafundisha wahudumu zaidi ya elfu mbili, na si wote waliompenda siku hiyohiyo. Ni mkali wa viatu. Hupoteza miwani mara mbili kwa siku na kumtuhumu aliye karibu. Huimba akikagua majaketi ya kujiokoa, na hatuna budi kusema ukweli katika hafla kama hii: haimbi vizuri.

Katika hao elfu mbili alikuwepo kijana mmoja tuliyemwita Mnong'ono. Alijua kazi yake, mpole, abiria wangempenda, ila sauti yake haikutoka. Kwenye zoezi ilimpasa kupaza sauti, "Acha mzigo! Njoo wewe!" na yeye aliisema kama anayeomba chumvi mezani. Alianguka mtihani mara tatu. Kamati ilitaka arudishwe kwao. Mama Mkanda aliomba mwezi mmoja. Kila siku baada ya vipindi alimsimamisha mwisho mmoja wa karakana, yeye akaenda mwisho wa pili na lile sikio lake bovu, akamwambia, "Nisiposikia, sigeuki." Wiki mbili hakugeuka. Ya tatu aligeuka mara moja, bila hakika. Siku ya mwisho ya mwezi walinzi wa geti walikuja mbio kuuliza kuna nini.

Miaka minne iliyopita, mchana mkavu wa Jumatano, tulikuwa darasani simu ilipoita. Ndege yetu moja ilikuwa imetua na magurudumu ya upande mmoja yakakunjika. Moshi ulikuwa umeingia ndani. Abiria sitini na watatu, wahudumu na marubani watano. Mhudumu wa mlango wa nyuma alikuwa Mnong'ono.

Mama Mkanda aliuliza swali moja: "Hesabu imetimia?" Hakuna aliyejua. Kwa dakika arobaini alikunja majaketi ya kujiokoa ambayo yalikuwa yameshakunjwa. Rafiki yake alipanda kutoka ofisini kwake, akaketi pembeni yake, akaanza kumpa moja moja.

Simu ya pili ilisema wote wametoka, kwa sekunde themanini na moja, na mtu aliyeumia zaidi alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. "Vizuri," alisema Mama Mkanda. "Kipindi kinaendelea." Akachukua chaki, kisha akanikabidhi. Nilimalizia kipindi mimi, ingawa ninachojua ni bandeji.

Mnong'ono alikuja kesho yake. Alitusimulia kwa shida kwamba kwenye kiti cha kumi na tano mama mmoja alikuwa amekumbatia begi na kuziba njia, watu wanamsukuma, moshi unashuka. Alipaza sauti mara moja. Begi likaanguka lenyewe. Zimamoto wanasema waliisikia sauti hiyo wakiwa bado ndani ya gari lao.

"Sauti imeisha, Mama," alisema, na kweli alikuwa anakwaruza kama redio mbovu.

"Umeitumia ilikotakiwa," alimjibu, akamtafutia kiti.

Shirika lilimpa Mama Mkanda cheti cha heshima, na kimewekwa mahali ambapo hata yeye hapakumbuki. Kilicho muhimu ni kwamba vyuo viwili vya nje vimeomba nakala ya filamu, na mtunza stoo sasa anaombwa saini.

Zawadi ya kuagwa aliyoichagua ni tiketi mbili. Mumewe, fundi wa makochi, kwa miaka yote hii hajawahi kupanda ndege; humsindikiza mkewe hadi mlango wa uwanja na kugeuza. Mwezi ujao wataruka pamoja kwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza, safari fupi ambayo daktari wa masikio ameiridhia. Wahudumu waliopangiwa safari hiyo wameshaanza kufanya mazoezi, na tunawaombea.

Wiki iliyopita mumewe alipita karakana kumchukua. Aliizunguka ile ndege, akagusa kitambaa cha viti kwa jicho la kazi yake, kisha akauliza polepole, "Tukishafika juu, na wewe utakuwa kazini?"

"Hapana," alisema Mama Mkanda. "Juu nitakuwa nimekushika mkono."

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya abiria wengi ambao hawatajua kamwe kwamba unawadai shukrani, tunasema asante. Nenda ukapumzike, Mama. Afya iwe nawe, kicheko kisikuishie, na kila unakokwenda ufike salama.