Mheshimiwa na Bunge la Jikoni

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa nne wa fundi wa reli na mama mshona magunia, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Wote waliofika hapa wanamjua kwa jina la Mheshimiwa. Hata mkewe alimwita hivyo, kwanza kwa utani, kisha kwa mazoea.

Alianza shule mwaka 1956. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na kwa kosa hilo alichapwa kila asubuhi mpaka akahamia wa kulia. Mwandiko wake ulibaki umeinama maisha yote, kama mtu aliyebeba mzigo. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1969.

Tarehe 11 Juni 1974, katika shule aliyofundisha, mwalimu mkuu alimchapa mtoto wa darasa la tatu mpaka akazirai. Marehemu alimpakia kwenye baiskeli na kumpeleka zahanati, kilomita sita. Mtoto alifariki kesho yake. Walioshuhudia ni walimu kumi na mmoja. Aliyekwenda kusema mahakamani ni mmoja. Alifukuzwa kazi, akatengeneza redio kwa miaka sita mpaka wananchi walipomchagua kuwa mbunge mwaka 1980. Walimchagua mara nne.

Muuguzi aliyempokea mtoto yule pale zahanati ndiye aliyefunga naye ndoa tarehe 20 Septemba 1975. Walijaliwa watoto watatu: binti, mvulana, na kitinda mimba wa kike.

Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa na msumari, na kwenye msumari mkanda wa ngozi. Watoto waliujua mkanda ule kuliko walivyoyajua majira ya mwaka.

Novemba 1987 marehemu alikuwa akijiandaa kuwasilisha hoja ya kupiga marufuku viboko shuleni. Kama kawaida yake, aliifanyia mazoezi nyumbani. Mkewe alikuwa Spika, mwiko mkononi. Watoto, kwenye benchi la jikoni, walikuwa upinzani. Walikipenda kikao kile, kwa sababu ndimo pekee walimoruhusiwa kumkatiza baba. Mvulana, miaka tisa, akasimama na kushika ukosi wa shati kama alivyoona watu wazima wakifanya.

“Mheshimiwa Spika, naomba mtoa hoja atufafanulie. Na ule wa msumarini, nao unapigwa marufuku?”

Spika alicheka. Alikuwa wa kwanza kucheka, na hilo hajajisamehe mpaka leo.

Marehemu aliimaliza aya aliyokuwa akiisoma, akakunja karatasi zake vizuri, akaenda mlangoni. Mvulana hakukaa kwa siku nne. Tangu hapo akaitwa Mpinzani.

Siku ya pili yake marehemu alizungumza bungeni saa moja na dakika kumi. Hakuna neno moja la uongo katika hotuba ile. Mjumbe mmoja alipouliza, “Na majumbani je?”, alijibu kwamba nyumbani si shule, na ukumbi mzima ukacheka. Hoja ikapita. Waliozaliwa baadaye hawajui fimbo ya shule ina uzito gani, na hilo ni kwa sababu yake.

Mpinzani aliondoka nyumbani mwaka 1995, akawa fundi wa majokofu katika mji mwingine. Hakurudi.

Februari 2019 marehemu alipatwa na kiharusi upande wa kulia. Akarudia mkono wa kushoto, uzeeni, na safari hii hakuna aliyemkataza. Wiki mbili kabla ya kufariki alimwambia mkewe, “Mwambie Mpinzani swali lake lilikuwa la haki.” Mama akampigia simu mwanawe.

“Amesema mbele ya nani?”

“Mbele yangu, mwanangu.”

“Mimi nilipigwa mbele ya watu, mama. Siku likisemwa mbele ya watu, nitakuja.”

Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2021, saa tatu asubuhi.

Jumanne, mwenyekiti wa chama alikuja nyumbani na kalamu nyekundu kuupitia wasifu huu. “Mama, marehemu hasemwi vibaya. Huyu ni mtu mkubwa. Ukiweka habari za mkanda, unampunguza.”

“Aliyesimama mahakamani peke yake ni huyu,” mjane akasema. “Na aliyeshika mkanda ni huyuhuyu, nilikuwepo, na mwiko mkononi. Mkinizikia nusu, baba, nusu ya pili nitabaki nayo nyumbani.”

Mwenyekiti akaifunika kalamu yake, na usiku ule mama akampigia tena mwanawe.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na sheria moja ambayo bado inafanya kazi. Msumari umeng’olewa jana kwa koleo. Aliyeung’oa amekaa benchi la mbele, kushoto kwa mama yake.

Mungu ampumzishe kwa amani, mzima mzima, bila kumgawa.