Nyota Nyekundu Usiikodolee Macho

Nawasalimu nyote kituoni: Mkuu wetu, mafundi wa darubini, Dawid wa langoni na mbwa wake, wasichana wa usafi, na Bibi Griet, mke wa Mzee, natumaini mguu umepoa. Sisi wa jikoni hatujambo, ila baridi tu.

Miaka thelathini na saba Mzee Barend Klaaste amefanya kazi moja: kulinganisha mwanga wa nyota kwa macho yake. Tarehe 31 Julai anastaafu. Nimeombwa kuandika mimi Sanna, mpishi, niliyeishia darasa la tano, kwa kuwa nimemlisha miaka ishirini na miwili. Mtanivumilia.

Kuna nyota hufifia, kisha zikang'aa tena. Mzee huitazama moja, akatazama majirani zake wawili wasiobadilika, mmoja mkali, mmoja hafifu, akaipa namba yake hapo katikati. Namba ikiwa ndogo, mwanga ni mkali. Mimi ningejuaje? Wiki yangu ya kwanza nilisikia nyota yake imefika tisa, nikamkaangia mayai ya pongezi. Kumbe imekaribia kupotea! Akayala yote, ndipo akasema, "Sanna, ikifika kumi utanichinjia kondoo."

Mwanangu Elzette, Mzee amemfundisha kazi hii miaka mitatu. Sheria kuu: nyota nyekundu usiikodolee macho, maana ukiitazama sana utaiona inawaka kuliko ilivyo. Itupie jicho, uondoe. Na mimi akanigeukia: "Na mtoto hivyo hivyo, Sanna. Unamkodolea mno."

Mkuu alisema Elzette atapewa kiti cha Mzee iwapo namba zake zitaaminika mpaka jioni ya mwisho. Zikawa zinalingana na za Mzee, jioni baada ya jioni, nami nikaanza kupata usingizi. Jumanne iliyopita ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kila mmoja akaitazama nyota ile ile nyekundu, akaandika kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake. Mzee: sita nukta nane. Elzette: saba nukta mbili.

Supu iliniungulia. Nikamwambia, "Mwanangu, mwombe Mzee radhi, ubadilishe."

"Mama, nimeandika nilichokiona."

Asubuhi mashine ya kupima mwanga ikatoa jibu: saba nukta mbili. Sote tukamgeukia Mzee. Akavua kofia, akacheka mpaka machozi. "Ni mimi! Niliikodolea macho. Nilikuwa naiaga."

Kiti ni cha Elzette. Asante, Mzee, kwa macho yako na kwa subira yako kwa mwanangu. Mungu akupe wewe na Bibi Griet siku nyingi, njema, zenye mbingu safi. Nami nimeahidi kumtupia Elzette jicho la kupita tu. Nilijaribu juzi, nikashindwa.

Mzee, mkifika kwa binti yenu mnakohamia, tuletee habari upesi, usingoje. Elzette anataka namba yako ya kwanza kutoka huko. Mimi nataka kujua kama unakula.