Tangi Lisikauke

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MKUNGA: Mimi, shemeji. Mke wa kaka yako. Nimebadilisha laini.

FUNDI: Aa, shemeji! Za masiku?

MKUNGA: Tunasukuma. Mama hajambo?

FUNDI: Hajambo, miguu tu inamsumbua. Nyie huko?

MKUNGA: Tupo. Shemeji, uko na mteja? Nataka unielekeze kitu, nisije nikaharibu.

FUNDI: Sina mteja. Sema.

MKUNGA: Nimeitoa pikipiki ndani, iko hapa uani. Nimepiga kiki mpaka goti limekufa ganzi. Haitaki.

FUNDI: Pikipiki ya kaka?

MKUNGA: Kwani kuna nyingine? Hii hii iliyokaa sebuleni miaka miwili, imejifunika shuka kama mgeni rasmi.

FUNDI: Sasa... si uiache tu, shemeji? Jumamosi nitakuja huko, nitai —

MKUNGA: Wewe uje? Hujakanyaga hapa tangu kaka yako aondoke.

FUNDI: Kazi, shemeji. Unajua kazi.

MKUNGA: Jumamosi ni mbali. Na Jumatatu naingia zamu saa moja asubuhi. Haloo? Unanisikia?

FUNDI: Mtandao unakwaruza. Sogea kidogo.

MKUNGA: Nimesimama juu ya ndoo, sasa nisogee wapi? Nasema wamenihamishia zahanati ya ng'ambo ya kilima. Masaa mawili kwa mguu kwenda, mawili kurudi. Wiki nzima natembea.

FUNDI: Pole sana. Hakuna lifti?

MKUNGA: Ya nani? Juzi nimefika nimechelewa, mama wa watu kashajifungua barazani. Kapokelewa na yule dada wa usafi. Mtoto mzima, mama mzima, lakini mimi mkunga nafika naikuta baraza imeshapigwa deki! Mganga mkuu hakunigombeza. Kaniangalia tu, akasema, "Nikileta mwingine anayeishi karibu, usinilaumu."

FUNDI: Duh.

MKUNGA: Basi ndiyo hivyo. Nimechoka, shemeji. Nimechoka mpaka hasira zimekwisha.

FUNDI: Na kuendesha, unajua?

MKUNGA: Kaka yako akizidiwa na pombe, unadhani nani alikuwa anamrudisha nyumbani?

FUNDI: (anacheka) Haya, hapo umenikamata. Sawa. Betri?

MKUNGA: Imekufa. Hata honi haikoromi.

FUNDI: Kiki inatosha. Mafuta yaliyomo ni ya lini?

MKUNGA: Mapya. Nimeweka mwisho wa mwezi uliopita.

FUNDI: Mapya tangi zima?

MKUNGA: Hapana, chupa moja tu. Mwezi wa nyuma pia chupa moja. Kila mwezi naongeza.

FUNDI: Unaongeza juu ya yapi?

MKUNGA: Yale aliyoyaacha yeye. Siku anaondoka aliniambia, "Tangi lisikauke, likikauka litashika kutu." Nikiona yamepungua, najaza.

FUNDI: Bila kuiwasha.

MKUNGA: Kuiwasha hakuniambia.

FUNDI: (anashusha pumzi) Shemeji yangu jamani. Fungua kifuniko, nusa.

MKUNGA: Ngoja... Yuuh! Yananuka rangi ya ukutani.

FUNDI: Ndiyo hayo. Yamechacha. Ukimimina maziwa mapya kwenye yaliyochacha, hupati maziwa. Miaka miwili ulikuwa unaharibu mazuri. Haloo? Shemeji?

MKUNGA: Nipo. Sema nifanye nini.

FUNDI: Jiko liko wapi?

MKUNGA: Ndani, limezimwa.

FUNDI: Vizuri. Moto usisogee hapo. Funga koki, chomoa mpira wa mafuta, tumbukiza mdomo wake kwenye dumu, halafu fungua koki yamwagike yote. Usibakize hata tone la kuonea huruma.

MKUNGA: Halafu?

FUNDI: Halafu kabureta. Legeza mkanda wake, igeuze ubavu, fungua kibakuli cha chini. Utakuta utando kama gundi. Futa wote. Kati kuna kitundu kidogo sana, kizibue.

MKUNGA: Kwa sindano? Sindano ndiyo mali yangu.

FUNDI: Weee! Sindano itakipanua. Chukua waya wa breki ya baiskeli, fumua uzi mmoja tu. Pitisha taratibu, puliza. Ukiona mwanga upande wa pili, umemaliza. Na plagi uisugue kwa brashi.

MKUNGA: Kuona mwanga kwenye tundu dogo, hapo umempata mwenyewe.

FUNDI: Usianze, shemeji! Kata, usimalize salio. Nipigie ukiwa tayari.

(Simu inakatwa. Inaita tena.)

FUNDI: Ehe, shemeji?

MKUNGA: Nimeuona mwanga. Nimerudisha kila kitu, na skrubu hazijabaki.

FUNDI: Una mkono, wewe! Mafuta?

MKUNGA: Mapya matupu. Naanza?

FUNDI: Subiri. Shemeji, subiri kwanza.

MKUNGA: Nini tena?

FUNDI: Jumamosi... sikuwa nakuja kusalimia.

MKUNGA: Ulikuwa unakuja kufanya nini?

FUNDI: Kaka amenipigia. Jumapili iliyopita. Amesema niifuate pikipiki, niiweke sawa, niitie kwenye lori nimpelekee.

MKUNGA: Mimi hajanipigia tangu mvua zilizopita.

FUNDI: Najua.

MKUNGA: Anaitakia nini? Si alisema huko kazini, kambini kwao, kuna gari la kazi?

FUNDI: Si ya kuendesha yeye. Kuna... kuna mtu huko, anahitaji usafiri wa kwenda sokoni kwake.

MKUNGA: Mtu.

FUNDI: Mtu, shemeji.

(mtandao unakwaruza)

MKUNGA: Mama anajua?

FUNDI: Anajua. Sote tunajua. Nisamehe. Ndiyo maana miguu ilikuwa mizito kuja hapo kwako. Ningekula chakula chako kwa uso gani? Shemeji, sema kitu. Nitukane basi.

MKUNGA: Choki naivuta au naiacha?

FUNDI: ...Ivute. Piga kiki tano kwanza bila swichi, mafuta yashuke. Kisha washa swichi.

MKUNGA: Moja... mbili... (anahema) ...tano. Nawasha. (kiki) Hola. (kiki) Hola.

FUNDI: Usiipige kwa hasira. Ikanyage mpaka iwe nzito, hapo ndipo uisukume.

MKUNGA: Sina hasira. Nimeshakwambia zimekwisha. (kiki) Imekohoa! Umesikia?

FUNDI: Nimesikia! Tena!

MKUNGA: (kiki) (injini inanguruma)

FUNDI: Hiyooo! Ipe mafuta kidogo, usiachie, usiachie —

MKUNGA: Moshi! Jirani ananiangalia!

FUNDI: Mwache aangalie. Ni uchafu wa zamani unatoka. Rudisha choki taratibu... Hapo. Sikia inavyotulia.

MKUNGA: (anacheka, kisha anapenga kamasi) Imewaka, shemeji.

FUNDI: Imewaka. Sasa nisikilize. Nitamwambia imekufa. Nitasema pistoni imeng'ang'ania, haifai hata kwa chuma chakavu. Ataniamini, mimi ndiye fundi.

MKUNGA: Usimdanganye.

FUNDI: Miaka miwili nimekuficha wewe kwa ajili yake. Niache na mimi nimfiche yeye mara moja.

MKUNGA: Hapana. Mwambie imewaka, mwambie nimeiwasha mimi kwa mguu wangu huu. Jumatatu saa moja kasoro itakuwa imesimama mlangoni pa zahanati. Akiitaka, aje mwenyewe aichukue, aniombe funguo ana kwa ana.

FUNDI: Hatakuja, shemeji.

MKUNGA: Najua.

FUNDI: Hapana, nataka unielewe. Hatakuja ten —

MKUNGA: Nimekuelewa tangu uliposema "mtu." Haya, salio linaisha hili. Mama msalimie. Na wewe Jumamosi njoo tu, njoo ule. Sina ugomvi na wewe.

FUNDI: Nitakuja. Shemeji —

MKUNGA: Ngoja niijaribu hapo barabarani kabla sijapoa —

FUNDI: Breki! Kagua breki kwanza! Miaka miwili hazijashika kitu, na tairi zijaze upepo, usi — haloo? Shemeji? Haloo?

(Simu imekatika.)