Vioo Kumi na Viwili vya Johana Kipkurui Maritim

Johana Kipkurui Maritim alizaliwa tarehe 3 Juni 1958 karibu na Litein, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kiptum arap Maritim na Mama Sally. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akichuma majani chai kabla ya kengele, na mwaka wa 1982 alipata digrii ya fizikia Nairobi.

Alifundisha miaka minne, kisha akaenda Australia kusomea nyota. Februari 1987 nyota moja ililipuka katika galaksi jirani na yetu, ikaonekana kwa macho matupu. Johana alituandikia kwamba mwanga ule ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka laki moja na nusu. Mimi, dada yake, nilipomsomea Mama barua, aliuliza, "Na yeye, hajasema anakuja lini?"

Kwa miaka mitano alipiga picha za mabaki ya nyota hiyo juu ya vioo vilivyopakwa dawa ya picha, akifuata pete za mwanga zilizozidi kupanuka. Baba alipofariki mwaka wa 1993, alirudi na vioo kumi na viwili sandukuni. Alifundisha sekondari, na kila Jumamosi alipima pete zile kwa lenzi ili amalize tasnifu yake ya udaktari.

Mwaka huo alifunga ndoa na Maxine Ayoo, muuguzi aliyelelewa katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai. Walibarikiwa na binti mmoja, Cheptoo.

Machi 1996 figo zilianza kumsumbua. Akiwa amelazwa hospitali ya Kaplong, tulitayarisha koito ya mdogo wetu Fancy. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wanakuja kuposa, na madirisha ya sebule yalikuwa yamezibwa kwa katoni. Nilifungua sanduku nikakuta vioo, vichafu, vimejaa madoa meusi. Mimi, mwalimu niliyesoma chuo, nilivisugua kwa maji moto na jivu mpaka vikang'aa, fundi akavipachika. Mzee mmoja alicheka: "Hii ni boma ya wasomi! Hata jua linaingia bila kubisha hodi."

Johana aliporudi alisimama mlangoni.

"Dada, hivi vioo umetoa wapi?"

"Kwa sanduku lako. Vilikuwa na madoa mengi."

"Hayo madoa ndiyo mwanga niliokuwa napima."

Nilitaka kuving'oa. "Wacha," alisema. "Mama anaona ng'ombe akiwa amekaa."

Mwanga ulisafiri miaka yote hiyo. Mimi niliufuta asubuhi moja. Chuo cha Australia kiliandika mara mbili kuulizia tasnifu. Hakujibu, wala hakunilaumu, na hilo ndilo limenilemea zaidi.

Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1997, juu ya kitanda alichoomba kiwekwe sebuleni, chini ya madirisha yale.

Ameacha mama yake Sally, mkewe Maxine, binti yake Cheptoo, na dada zake, Fancy na mimi.

Mungu ampe pumziko. Johana, nisamehe.