Makoti ya Mama Numbi, na Sisi Tuliozaliwa Naye

Wazee wa kanisa, tata na mama, majirani wa Manika, na ninyi wachimbaji wa Mutoshi mulioacha mashimo yenu leo: haya ndiyo maisha ya Mama Numbi Bernadette, jinsi sisi wa nyumbani tunavyoyajua. Wengi wenu munamwita Mama Makoti. Kabla hajawa mama yenu alikuwa yaya yetu, dada yetu mkubwa, basi mutuvumilie, tunaanzia mwanzo.

Marehemu alizaliwa Malemba-Nkulu, tarehe 14 mwezi wa tatu 1964, mtoto wa kwanza wa Tata Kalumba Stéphane na Mama Mbuyu Élise. Nyuma yake alikuja Stany, halafu Marceline, huyu anayewasomea. Kule kwetu kuna joto. Mtoto anavaa shati moja mwaka mzima na hakuna anayemhurumia. Baridi aliifahamu hapa Kolwezi.

Alisoma shule ya msingi kwa masista, akamaliza darasa la sita mwaka 1977. Baadaye akajifunza kushona. Mkono wake wa kuandika ulikuwa safi kupita kiasi. Sisi tuliofuata nyuma yake katika madarasa yale yale tulisikia kila siku, "Dada yako hakuandika hivi." Mtu anaweza kumpenda dada yake na bado akachoka kusikia jina lake.

Tarehe 11 mwezi wa nane 1984 alifunga ndoa na Tata Mukalay Philippe, fundi wa mashine, ambaye mahari yake ilikuja kamili na maneno yake yalikuwa machache. Mungu aliwapa watoto watatu.

Kazi yake ilikuwa kuuzisha nguo za baloti, mitumba ya Ulaya, sokoni. Mwezi wa sita 2009 alinunua baloti akitumaini nguo za watoto. Alipokata kamba, yalitoka makoti mazito ya nchi za theluji, mengine na manyoya shingoni. Wenzake sokoni walicheka mpaka wakashika tumbo. "Mama Bernadette, utayauzisha nani? Frigo ya samaki?" Alilia pale pale, juu ya marobota.

Asubuhi iliyofuata walipita vijana waliotoka kuosha mawe ya madini mtoni, wamelowa mpaka kiunoni, wamejifunika magunia, meno yanagonga. Alimwita mmoja. Hakumpa koti mkononi. Alimvika, akafunga vifungo vyote mpaka kooni, akampiga kidogo begani: "Haya, enda." Kesho yake wakaja wengine, na mama waoshaji pia. Tangu mwaka ule, kila baloti ya makoti iliyowashinda wenzake ilifika kwake, naye aliyashona na kuyatunza kungoja baridi. Kila mtu alimvika mwenyewe. Alisema koti la kupewa mkononi linauzwa kabla ya jua kupanda, lakini mtu akishafungwa vifungo na mama, anaona haya kuliuza.

Wivu ulianza hapo. Wenzake sokoni walinung'unika: "Makoti ni yetu, jina ni yake." Tata Mukalay, anayeketi hapa mbele, naye alikasirika siku moja.

"Bernadette, unafungia kila kijana wa Mutoshi vifungo. Mi bwana yako, umenifungia siku gani?"

"Sogea basi, mtoto wangu."

Alimvika koti, akamfunga vyote, hata kile cha shingo, katika joto la mwezi wa kumi, na Tata alikaa hivyo mpaka chakula cha jioni, jasho linatoka, hataki kufungua. Sisi tuliona.

Mdogo wake, huyu anayewasomea, naye alimwuliza: "Yaya, ya kwangu njo iko wapi?"

"Weye uko na baridi?"

"Apana."

"Sasa koti ya nini?"

Jibu lake lilikuwa hilo, miaka yote. Watu aliowaona mara moja njiani walitoka kwake wamevaa manyoya. Sisi tulionyonya ziwa moja naye tulitoka na kikombe cha chai.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, figo zilianza kumsumbua. Miguu ilivimba, vidole vikashindwa kushika sindano. Alilazwa mara mbili. Mwezi wa nne waganga wa hospitali walimrudisha nyumbani, na hawakuficha kitu. Chumba chake kilikuwa kimejaa makoti ya mwaka huu.

Munajua desturi yetu. Nguo za marehemu ni za ndugu wa damu. Zinagawanywa siku ya kumaliza kilio, na mtu wa nje hawezi kuzivaa, anaogopa. Naye alijua. Akifa na makoti ndani, yatakuwa nguo za mfu: sisi tutayachukua, ninyi hamutayagusa, na baridi itawakuta uchi. Lakini kitu ambacho mtu ametoa kwa mkono wake akiwa hai, hakuna ukoo unaoweza kukidai.

Basi hakungoja baridi ya mwezi wa sita. Jumamosi tarehe 17 mwezi wa tano aliomba kiti mlangoni, akatuma watu wawaite ninyi. Aligusa kila koti kwa kiganja, na mdogo wake huyu alivika na kufunga. Mlango ulijaa toka asubuhi. Vidole vilikuwa vyetu, lakini kila aliyefungwa aliinama kwake: "Aksanti, mama." Kwetu hakuna aliyegeuka. Hata kwa bahati mbaya.

Stany alifika kesho yake na mfuko wake mtupu chini ya kwapa. Akatazama chumba.

"Yaya, umemaliza yote? Siye ndugu tunapata nini?"

Alicheka, ijapokuwa pumzi ilikuwa ndogo. "Munanipata miye, Stany. Bale wa nje banapata makoti. Miye mwenyewe, niko wenu."

Alifariki Jumanne tarehe 20 mwezi wa tano 2025, saa kumi ya alfajiri, nyumbani Manika, mkono wake katika mkono wa bwana yake.

Anaacha mjane wake, Tata Mukalay Philippe, watoto wake Mathieu, Jémima na Glodi, wajukuu saba, wadogo zake Stany na Marceline. Na ninyi wa makoti, tumewaandika pia, mwishoni, mahali penu.

Leo jeneza linabebwa na ndugu. Tunawaomba musisukumane, musituambie kwamba ninyi ni wengi. Ninyi mulipata vyenu, na hiki ndicho chetu. Tembeeni nyuma. Lakini makaburi ni mbali na Stany si kijana tena. Mabega yetu yakichoka, tutawaita.

Yaya, pumzika. Mungu akupokee kwa amani yake.