Maombi ya Mwezi wa Tatu

Bwana asifiwe. Naona wengine mmejibu kabla sijafunga mdomo. Si neno, tutafika hapo, na nikifika hapo mimi ndiye nitakayeaibika kuliko nyinyi.

Leo tuko na wageni kutoka Bungoma, kwa hivyo nitaanza mwanzo kabisa. Nyinyi wa hapa Kitale mnajua kipande tu cha hii habari, kile nilichowaambia kwa simu. Pasta amesema kabla nirudishiwe zamu yangu nisimame mbele yenu niseme yote. Nilikuwa nimeandika kwa karatasi, lakini karatasi imebaki nyumbani juu ya meza, basi nitasema vile nakumbuka.

Wageni wetu, kanisa hili lina grupu ya maombi ya simu. Kila asubuhi saa kumi na mbili mmoja wetu anarekodi maombi kwa sauti yake anatuma, na wengine wakishasikiliza wanaandika Amina. Mimi nilikuwa nimepewa Jumanne na Ijumaa. Sababu ya kupewa siku mbili ilikuwa sauti yangu. Watu walikuwa wanasema nikiomba hata mtu mwenye moyo mgumu analegea, na mimi nilipenda sana kuambiwa hivyo. Nilikuwa nakunywa maji ya moto kwanza ili koo ifunguke. Nafunga mlango wa jikoni, naomba dakika nne au tano, halafu naisikiliza tena mwenyewe kabla ya kutuma. Mtu anayeomba Mungu anajisikiliza tena ya nini? Lakini nilifanya hivyo.

Mwaka jana mwezi wa tatu watu walikuwa wamelima, wanangoja mvua. Wakati huohuo dada mmoja wa kanisa letu alifunga biashara yake ya viatu hapa sokoni akarudi kwao Kanduyi, kwa sababu mama yake alikuwa amelala kitandani hawezi kuinuka. Ijumaa moja niliomba vizuri kuliko siku zote. Niliombea mvua, nikaombea mbegu, halafu nikamwombea huyo mama. Nilisema, "Bwana, mwinue mama yetu. Tumwone ameketi mezani na mzee wake, anakunywa chai." Mzee wangu mimi alikuwa hapo karibu anafunga kamba za viatu aende kazini, na nilipomaliza akasema Amina, kwa ile sauti yake nzito. Ikaingia kwa rekodi. Nilitaka kuifuta nirekodi upya, akaniambia, "Si uwache tu. Ama hutaki watu wajue uko na bwana?" Nikacheka, nikaituma hivyo.

Mwezi wa tano mzee wangu akaanguka bafuni. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ukafa, na maneno pia yakaenda. Mnamjua, alikuwa mtu wa stori nyingi. Sasa anaguna tu, na ukikosea kuelewa anafunga macho na machozi yanatoka.

Ndugu zangu, nawaambia kuna kuchoka ambako hata ukilala hakuishi. Nilikuwa namgeuza ili mgongo usipasuke vidonda, namwosha, nabadilisha shuka, namlisha uji kwa kijiko. Kufika saa moja nakimbia kazini, mimi ni mpishi wa shule, nakoroga sufuria za githeri ya mahindi na maharagwe ambazo mtu anaweza kuogea ndani. Saa tisa narudi kwa shuka zingine. Zamu yangu ya Jumanne ikifika nafungua mdomo niombe na hakuna kitu. Siku moja nilipiga magoti, nikabonyeza simu irekodi, nikaja kushtuka imerekodi dakika sita za mimi nikikoroma. Hiyo sikuituma. Labda hiyo ndiyo ningetuma.

Sikumwambia mtu. Pasta aliniuliza mara mbili mlangoni, "Mama, unaweza kuendelea na zamu?" Nikamwambia Bwana ananitia nguvu. Niliogopa nikisema nimechoka mtasema yule mama wa maombi kumbe ni bure. Pia niliogopa kumwambia Mungu, kwa sababu nikianza kuongea na yeye vizuri kabisa nitamuuliza kuhusu mzee wangu, na sikutaka kusikia akinyamaza.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili imefika na bado nimeshika beseni, nikatafuta kwa simu ile rekodi ya mwezi wa tatu nikaituma tena. Nikasimama hapo nikingoja mtu aseme, mama, hii si tulisikia? Amina ya kwanza ilikuja kabla sekunde kumi ziishe. Rekodi yenyewe ni ya dakika nne na nusu. Siwasemi kwa ubaya, nami nimeandika Amina nyingi nikiwa nakuna kichwa tu. Lakini hapo ndipo shetani alinishika mkono. Niliona kumbe inawezekana.

Nikaituma tena wiki iliyofuata, na nyingine. Ikafika mwezi wa kumi na moja, mahindi yameanikwa kwa maturubai kutoka hapa mpaka Saboti, kila mtu anaangalia juu akiogopa wingu, na mimi naomba Mungu alete mvua kubwa ya kupanda. Mkaandika Amina. Haya, chekeni, mimi pia nilicheka siku hiyo, na ndiyo inaniuma sana, kwamba niliweza kucheka.

Na kuna kitu kingine ambacho sijamwambia hata pasta. Nilikuwa na rekodi nyingi kwa simu. Nilichagua hiyo kwa sababu ya ile Amina mwishoni. Nilikuwa naituma halafu naongeza sauti nimsikie mzee wangu akiongea. Maombi yenyewe nilikuwa nimeacha kuyasikia kitambo.

Mwezi huohuo yule mama wa Kanduyi alikufa, siku ya Alhamisi. Habari ikaletwa kwa grupu mchana, na mimi nikaandika pole ndefu yenye mistari mizuri. Kesho yake asubuhi nikatuma ile rekodi. Nataka msikie hili vizuri. Sikuwa nimesahau kwamba mama amekufa. Nilikuwa nimesahau ni nini kiko ndani ya maombi yangu mwenyewe.

Ilinijia nikiwa shuleni nakoroga uji. Mwinue mama yetu, anakunywa chai. Niliacha mwiko ndani ya sufuria nikachukua simu nikaifuta kwa grupu, lakini watu kumi na wanne walikuwa tayari wameandika Amina. Na nje ya grupu, pembeni, yule dada alikuwa ameniandikia mimi peke yangu: "Mama, hayo maombi ni ya lini?"

Alikuwa amenifungulia mlango nitoke. Mimi nikamjibu, "Ni ya leo, dada. Roho ndiye aliniongoza kuomba hivyo." Nilimsingizia Roho Mtakatifu, ndugu zangu. Nimefanya makosa mengi, lakini hilo nikilikumbuka nikiwa napika hata leo naweka kijiko chini.

Tukaenda kuzika Kanduyi, jirani akakaa na mzee wangu. Kabla ya ibada niliitwa na baba wa boma, yule mzee aliyefiwa na mke. Alikuwa ameketi kwa kiti cha plastiki, kofia mkononi. Akaniuliza, "Wewe ndio ile sauti ya Kitale?" Nikasema ndiyo, baba. Akasema, "Ile asubuhi walinisikizisha. Ulisema atakunywa chai na mimi. Nikawauliza, kwani ameamka? Wakanyamaza tu." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anataka nimweleze, kwa sababu wengine walikuwa wamenyamaza. Na mimi nikamwambia, "Pole, baba," nikamwachilia mkono nikaenda kuketi na wanakwaya.

Halafu nikaitwa niombee familia. Niliomba kwa sauti yangu yote. Watu wakalia, mpaka mwenye kuongoza akafuta macho. Nilirudi kuketi nikiwa nimejichukia vile sijawahi kuchukia mtu.

Baada ya chakula nilienda nyuma ya jikoni kuosha sufuria, maana huko hakuna anayekuomba uombe. Yule dada akanifuata. Akainama, akachukua majivu, akaanza kusugua pamoja nami. Tulisugua kitambo. Akasema, "Ile Amina ya mwisho ni ya mzee wako. Na mzee wako haongei tangu mwezi wa tano."

Nikasema, "Tangu lini umejua?"

"Kitambo. Mama ndio alijua kwanza. Nilikuwa namwekea simu kwa sikio kila Ijumaa. Siku moja akaniambia, hii si ni ile ya juzi? Akaniambia, huyu mtoto amechoka. Mwombeeni."

Sikuweza kuinua kichwa. Nikamuuliza kama walifanya hivyo.

"Mama alifanya," akasema. "Kila Ijumaa, ikiisha, anasema maneno mawili kwa ajili yako. Bwana, mpumzishe. Mimi sikuomba. Mimi nilikasirika. Nilikuwa namgeuza mama yangu peke yangu, mgongo umekwisha, nangoja Ijumaa nisikie mtu ametukumbuka, halafu unaniletea mvua. Si ungesema tu umechoka? Mimi ningeelewa. Mimi ndio ningeelewa kuliko watu wote."

Nilimwomba msamaha, mikono imejaa majivu. Akasema, "Nimesikia. Lakini usiniambie niseme ni sawa. Si sawa." Akabeba sufuria yake akaenda. Alikuwa na haki.

Nikamrudia yule mzee kabla ya kuondoka. Nikapiga magoti karibu na kile kiti cha plastiki nikamwambia ukweli, kwamba ile sauti ilikuwa ya zamani, ya wakati mama bado anaumwa, na kwamba nilikuwa nimewadanganya. Aligeuza ile kofia mkononi. Halafu akasema, "Kwa hivyo siku ile ya kwanza, uliomba kweli?" Nikasema ndiyo, baba, siku ile ya kwanza niliomba kweli. Akasema, "Haya. Hiyo moja nitakaa nayo." Akavaa kofia yake.

Jumanne iliyofuata saa kumi na mbili sikunywa maji ya moto. Nilikaa kwa kitanda karibu na miguu ya mzee wangu nikarekodi. Wengi wenu mnaikumbuka. Nilisema, "Bwana, nimechoka. Miezi minne nimekuwa nikiwatumia hawa watu maombi ya zamani. Leo sina maneno. Tuhurumie." Nikatuma. Hakukuwa na Amina, hata moja. Niliosha mzee, nikamvalisha, nikaangalia tena, hakuna kitu. Nikaelewa kwamba mara hii mmesikiliza.

Wengine mlikasirika, na mliniambia. Mmoja aliniambia kwamba yeye alikuwa ameacha dawa fulani ya uchungu akitegemea kwamba namwombea Ijumaa. Pasta akaniondoa kwa zamu miezi mitano, na nilishukuru, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia nipumzike na mimi nisiweze kukataa. Lakini mchana wa hiyo Jumanne, kuna mmoja wenu, ameketi kwa ile benchi ya dirishani, sitamtaja, alikuja kwangu na leso kiunoni. Hakusema neno kuhusu simu. Akauliza, "Mzee anageuzwaje?" Nikamwonyesha. Nililala kwa kiti nimevaa viatu, nikaamka jua limeshuka na shuka zote ziko kwa kamba.

Kwa hivyo namshukuru huyo mama, na wale watatu walioanza kupokezana naye. Namshukuru pasta. Nawashukuru mlionikasirikia mkaniambia usoni. Na namshukuru huyu dada wa Kanduyi aliyekuja leo akaketi pale nyuma. Bado hajaniambia ni sawa. Lakini amekuja, na tangu aanze tena kuuza viatu hapa mjini anapita kwangu Jumatano ananisaidia kumtoa mzee nje aote jua. Na yule mama aliyelala kaburini aliniombea nilipokuwa namdanganya, na sina njia ya kumrudishia asante.

Mimi si mhubiri, somo langu ni fupi. Ukichoka, mwambie Mungu umechoka, ukomee hapo. Hayo ni maombi kamili. Halafu mwambie mtu mmoja mwenye mikono.

Ile rekodi ya mwezi wa tatu bado iko kwa simu yangu. Nimeshindwa kuifuta, na nawaomba msiniambie niifute. Lakini sitaituma tena. Mkikubali nirudi, Jumanne nitaomba, na mkisikia ni sekunde kumi tu, na sauti imekauka, mjue ni ya leo. Na mkisikia mtu anaguna mwishoni, huyo ni mzee wangu. Ndiyo Amina aliyo nayo sasa.